Ushuhuda wa Miguu Yangu

Nina vidole vitatu mguu wa kulia na vitano mguu wa kushoto. Nakuambia mapema, usije ukasoma hadi mwisho ukitarajia kwamba viwili vilivyokatwa vimeota tena. Havijaota. Nimemwomba Mungu mambo mengi katika miaka yangu hamsini na minane, lakini hilo sijamwomba, maana nina mengine ya kumsumbua nayo.

Jina langu ni Perisi, ila huku kwetu Murangi ukiulizia Perisi utazunguka kutwa nzima. Uliza Mama Mafuru, au Mama Shemasi. Ushemasi ninao mwaka wa kumi na tisa sasa. Katika kanisa letu shemasi ndiye anayeandaa mabeseni na mataulo, kwa sababu sisi kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, kila mtu anaosha miguu ya mwenzake, anaifuta, kisha wanapeana mkono wa amani. Nimeosha miguu ya wanawake wa kijiji hiki mpaka nikiona nyayo kwenye vumbi naweza kukuambia nani kapita. Miguu ambayo sikuijua ni ya kwangu mwenyewe.

Nakuandikia wewe mwenye sukari ambaye miguu inakuwaka moto. Tena nakuandikia zaidi wewe ambaye ilikuwa inakuwaka, halafu ikaacha. Na naandika kwa sababu ya mwanamke mmoja anayeitwa Bhoke, ambaye nusura apoteze mguu kwa kosa la mdomo wangu.

Sukari yangu ilikuwa na miaka sita. Nilipewa vidonge, nikapewa kadi ya kliniki Musoma mjini, nikaambiwa niache chai ya sukari. Chai niliacha, ingawa kwa manung'uniko. Mwaka wa tatu miguu ikaanza kuwaka. Ilikuwa kama nimekanyaga majivu ya jikoni ambayo moto wake haujaisha. Nilikuwa nikiitumbukiza kwenye beseni la maji huku napembua mchele, na mume wangu ananicheka. Tuliomba. Kwaya iliomba, wazee waliomba, na mimi mwenyewe nilifunga siku tatu, jambo ambalo daktari alipolisikia baadaye alishika kichwa.

Halafu kiangazi kimoja moto ukazimika. Haukuzimika siku moja, ulipungua wiki hadi wiki, mpaka nikaamka asubuhi nikakuta miguu imetulia kimya. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda nikalia kwa furaha. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mwezi uliofuata kulikuwa na kongamano la akina mama Butiama. Nilipanda jukwaani na ushuhuda wangu. Butiama kuna ubaridi wa mlimani, lakini saa saba mchana ule kokoto za uwanja wa kanisa zilikuwa zimechemka sawasawa. Mimi nikaona kusema tu hakutoshi. Nikashuka, nikavua viatu mbele ya watu wote, nikatembea juu ya zile kokoto kwenda na kurudi huku nikipiga miguu chini. "Haichomi!" nilisema. "Miaka mitatu nilikuwa siwezi kugusa shuka, leo natembea juu ya moto!" Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika mpaka Bunda. Nami sikukataa utukufu kidogo ulionirukia.

Nilikuwa nimekwenda na Bhoke. Bhoke ni Mkurya wa Tarime, anaanika dagaa kwenye mwalo ulio chini ya kijiji chetu, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti inayofika ng'ambo ya ziwa. Na yeye alikuwa na sukari, mwaka wa pili. Njiani kurudi alinishika mkono.

"Mama shemasi, na mimi yangu inawakaga hivyo hivyo. Sasa nifanye nini?"

Nikamjibu, "Mwamini Mungu, mwanangu."

Maneno matatu. Si mabaya, na hata leo nayasimamia. Lakini kulikuwa na la nne la kuongeza, la vidonge, na sikuliongeza. Bhoke alipofika mwaloni aliichukua kadi yake ya kliniki akaisokomeza chini ya godoro, na vidonge akaacha kumeza. Mimi nilijua. Aliniambia mwenyewe, akijisifu, nami nikanyamaza kwa sababu na mimi kliniki nilikuwa nimeacha kwenda.

Hapo inabidi nikueleze habari ya mwalo, vinginevyo utaniona mjinga kuliko nilivyo.

Nilipowekwa kuwa shemasi, wazee walinikabidhi mwalo ule. Ni kambi ya wavuvi wa dagaa, watu wa makabila yote, leo wapo kesho wamehamia kisiwani. Nilimwahidi Mungu kwamba kabla miguu yangu haijachoka, kutakuwa na watu wa mwalo ule wanaokaa Mezani pa Bwana kama watu wengine, na si kama wageni wa kuchungulia dirishani. Mara tatu nilianzisha darasa la ubatizo, na mara tatu dagaa walihama na wanafunzi wangu wakahama nao. Hili la nne lilikuwa na wanawake tisa, Bhoke akiwa mmoja wao. Wao wanafanya kazi mwezi ukiwa gizani, maana dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hakuna taa inayomdanganya dagaa, basi mitumbwi inalala kama wiki nzima, na wanawake wanapata mchana wa kupumzika. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa yangu. Masomo ni ishirini. Nilikuwa nayahesabu kwa mbalamwezi, masomo mawili kila mwezi ukijaa, na kila kliniki ilipogongana na mbalamwezi nilichagua mwalo. Nilijiambia kazi ya Bwana haingoji. Baada ya ule ushuhuda sikuona hata haja ya kuchagua.

Tulifika somo la kumi na nne.

Pale mwaloni hakuna anayepita na viatu kwenye dagaa walioanikwa. Ni chakula cha watu, utavua viatu hata kama wewe ni diwani. Mchanga wa saa sita unachoma mpaka watoto wanaruka kama panzi, na mimi nilikuwa napita taratibu, Biblia kwapani, bila hata kukunja uso. Wanawake walikuwa wananyoosheana vidole. "Mnamwona mama shemasi?" Nami nilikuwa natembea polepole zaidi, ili wanione vizuri.

Aliyegundua ni mume wangu. Tulikuwa tunakula mchana, akainua pua.

"Mama Mafuru, hao dagaa wako wameoza."

"Dagaa wa jana hao, Baba Mafuru. Wameozaje?"

Alikwenda akafungua gunia, akanusa, akarudi. Gunia lilikuwa zima. Akanusa pembe moja ya nyumba, akanusa nyingine, mwisho akapiga goti mbele ya kiti changu. Nilianza kumcheka, nikamwambia mahari alishamaliza kulipa. Hakucheka. Aliushika mguu wangu wa kulia, akaugeuza unyayo juu. Sakafuni, pale ulipokuwa unyayo, palikuwa na alama ya majimaji ambayo tangu asubuhi nilidhani ni maji ya kudekia.

Hospitalini Musoma nesi alisafisha kidonda, akaingiza koleo dogo, akatoa kitu akakiweka kwenye sahani ya chuma. Kililia "ting".

"Bibi, hii umekaa nayo tangu lini?"

Ilikuwa ndoano. Ndoano ya sangara, iliyokatika shingo na kushika kutu, ya wale wavuvi wanaotega kwa kamba ndefu. Nilihesabu nyuma. Mara ya mwisho nilikuwa mwaloni siku kumi na moja kabla. Siku kumi na moja nilitembea, nikalima bustani, nikaongoza maombi ya Jumatano, na ndoano mguuni.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Nilimweleza kwa fahari kwamba miguu hii ilipona kwa maombi, akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akachukua pamba akaipitisha chini ya unyayo wangu, akaniuliza anagusa wapi. Sikujua kama anagusa.

"Miguu haikupona, mama," alisema. "Imekufa ganzi. Moto bado upo, ila wa kuusikia hayupo tena."

Akaendelea kunieleza kuhusu vidole viwili vya pembeni, kwamba vimeshakuwa vyeusi, kwamba lazima vitolewe kesho ili mguu ubaki. Nilisikia kwa mbali. Nilikuwa naona kokoto za Butiama, na nyuma yangu Bhoke, macho yamemtoka kwa furaha. Nakiri nililia, na manesi walidhani nalilia vidole.

Vidole vilitolewa siku ya pili. Mvua za vuli ndiyo zilikuwa zinaanza.

Baada ya hapo nilihamia kwa binti yangu Nyangeta, ambaye amepanga nyumba Iringo, karibu na hospitali, maana kidonda kilitakiwa kusafishwa kila baada ya siku moja. Nyangeta ni mwalimu wa shule ya msingi na ana ulimi wa mwalimu. Siku alipoiona kadi yangu ya kliniki, yenye mapengo ya miezi saba, hakunisemesha mpaka jioni ya pili. Kisha akaweka sahani ya chakula mbele yangu akasema:

"Mama, wewe kondoo za watu ulikuwaga unazichunga usiku na mchana. Sisi mama yetu nani alikuwa anatuchungia?"

Nilikula chakula. Yeye ndiye aliyejifunza kunichoma sindano ya sukari, na miezi ile yote alinichoma akiwa amenikasirikia, kwa mkono mwepesi kabisa.

Benchi la kusafishia vidonda ni kanisa la aina yake. Mnakaa watu wale wale, siku zile zile, mnajuana kwa vidonda kabla ya majina. Kulikuwa na mzee mmoja wa Buhare aliyekatwa nusu ya mguu, ambaye alikuwa ananiwekea nafasi kwa kofia yake. Kila nikitoka ndani aliniuliza, "Leo wamekuachia vingapi?" nami nikamjibu, "Vinane jumla, bado nakuzidi." Utaona ni utani mbaya. Ukikaa kwenye benchi lile utauelewa. Kulikuwa na nesi ambaye kabla ya kubandua bandeji iliyogandia aliilowesha kwanza kwa maji ya chumvi na kusubiri, wakati angeweza kuivuta kavu akamaliza foleni mapema. Huyo namwombea kila siku.

Watu walikuwa wanapiga kelele mle ndani, wanaume wazima. Mimi nilikaa kimya nikitazama dari. "Bibi ana moyo huyu!" walisema. Mara ya kwanza nilitabasamu tu. Mara ya pili nikaona nimeshaanza tena mchezo ule ule wa kokoto. Nikawaambia, "Sina moyo wowote. Sisikii. Nyie mnaolia ndio wazima." Ule ulikuwa ushuhuda wangu wa pili, na haukupigiwa vigelegele.

Mwili nao ulibadilika. Nilipungua mpaka kitenge kilinizunguka mara mbili. Macho yalififia, nikawa nasomewa Biblia na Nyangeta, ambaye alikuwa anaruka kurasa akidhani sitajua. Niliposimama nilielemea kulia kama gunia lililofungwa vibaya. Na kidole kile kidogo, ambacho hakipo, kilikuwa kinaniwasha. Ndiyo, kinawasha hadi leo. Unainama kukikuna, unakuta hewa.

Lakini kilichonikosesha raha hasa ni Bhoke. Wiki ya kwanza tu baada ya kukatwa nilimtuma mume wangu mwaloni. "Mwambie ni ganzi. Mwambie arudi kliniki." Baba Mafuru alikwenda, akarudi na jibu.

"Anasema pole sana. Anasema mama shemasi amejaribiwa, imani imemtikisika, ila yeye ya kwake iko imara. Wanakuombea."

"Wananiombea?"

"Wote tisa. Wamefunga."

Nilitaka kucheka na nilitaka kutupa kitu ukutani. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno. Nilituma ujumbe mara ya pili, nikampigia simu mara ya tatu, na kila neno nililosema Bhoke alilichukua kuwa la mgonjwa aliyekata tamaa. "Usivunjike moyo, mama," alinifariji kwa sauti yake ile. "Mbona mimi sasa haiwaki hata kidogo!"

Haiwaki hata kidogo. Nikajua kwamba simu haitafanya kazi hii, wala mume wangu. Aliniona kwa macho yake nikitembea juu ya kokoto, basi ni lazima aone kwa macho yake kilichofuata. Na mimi nilikuwa nimefungwa na bandeji Iringo. Mbalamwezi ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu mwezi ulijaa kwenye dirisha la Nyangeta nami nikamwambia Mungu wazi: sikuombi vidole, nakuomba unifikishe mwaloni kabla yule mwanamke hajakanyaga ndoano.

Kidonda kilifunga masika yakiwa katikati. Daktari alinionya kwamba kiatu kibaya kitanirudisha kwake, akasema nitafute kiatu laini chenye nafasi. Viatu vya dukani vyote vilikuwa na maoni yao kuhusu miguu ya watu. Mume wangu akakumbuka fundi mmoja Bunda, Mzee Ramadhani, aliyemshonea baba yake makubazi zamani. Tukaenda.

Mzee Ramadhani aliweka karatasi chini, akauchora mguu wangu na pengo lake bila kuuliza kitu. Alikata soli kutoka kwenye tairi, akatandika juu yake godoro jembamba alilolikata kwenye kiti cha gari, akashona kamba pana. Kabla ya kunipa kiatu alipitisha mkono wake ndani, polepole, kila kona, akitafuta msumari au uzi mgumu.

"Kila asubuhi fanya hivi, mama. Mkono wako uwe unatangulia, mguu unafuata."

"Na mguu wenyewe, mzee, niuangalie vipi? Macho hayafiki chini."

"Sisi mara tano kwa siku tunatawadha," alisema. Akavua kobazi lake akanionyesha. "Maji juu ya mguu, halafu kidole hiki kidogo unakipitisha katikati ya vidole vya mguu, kimoja kimoja. Kukiwa na kidonda huko, kidole kitakwambia. Nyie hamtawadhi?"

"Tunatawadhana. Kabla ya Meza ya Bwana."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kwa mwaka."

Mzee Ramadhani alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo maana, mama yangu! Ndiyo maana!"

Tulicheka wote watatu. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa na jambo hilo. Miaka kumi na tisa nilikuwa naosha miguu ya wanawake kwa kumwaga maji juu, kugusa kidogo na kufuta, macho yangu yakiwa kwenye foleni ili ibada iende haraka. Sijawahi kugeuza unyayo wa mtu hata mmoja. Na mimi mwenyewe, nikiwa shemasi, zamu yangu ya kuoshwa ilikuwa haifiki kamwe. Nilikuwa najifanya nina shughuli na mataulo. Watu waliita ule unyenyekevu. Mimi najua ulikuwa nini. Hata Petro alianza kwa kukataa kuoshwa miguu na Yesu, lakini yeye angalau alikubali siku ile ile.

Mbalamwezi iliyofuata nilishuka mwaloni. Baba Mafuru alibeba beseni na ndoo, mimi nikabeba taulo na fimbo. Darasa lilikuwa limefika somo la kumi na tisa, maana mwinjilisti kijana aliwafundisha nilipokuwa Iringo, na aliwafundisha vizuri, naomba lisemwe. La ishirini alikuwa ameniachia. Somo la ishirini ni la kutawadhana miguu, na kwetu halifundishwi kwa maneno, linafundishwa kwa beseni.

Wanawake tisa walikaa kwenye kivuli cha turubai. Walipoona nimekonda vile wawili walianza kulia. Bhoke alisimama. "Tumshukuru Mungu, mama yetu amerudi mzima!"

"Kaa chini, Bhoke. Sijarudi mzima."

Niliketi juu ya kreti, nikavua kiatu cha Mzee Ramadhani, nikafungua kitambaa, nikauweka mguu juu ya ndoo mahali ambapo kila mmoja angeuona. Nikaitoa ndoano mfukoni, maana nesi alinipa nikaihifadhi, nikaipitisha mkono kwa mkono.

"Hii iliingia hapa kwenu," niliwaambia. "Nilikuwa napita kwenye mchanga wenu kwa maringo. Siku kumi na moja nilitembea nayo. Kule Butiama nilisema Mungu ameniponya miguu. Nilisema nisichokijua. Miguu ilikuwa inakufa, mimi nikapiga vigelegele. Mungu hakudanganya. Niliyesema uongo ni mimi, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Mungu aliniponya baadaye, kwa kisu na sindano, na mume wangu akinusa kona za nyumba."

Bhoke alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama shemasi, kila mtu na imani yake," alisema taratibu. "Yangu haiwaki. Siwezi kumkana Mungu nikasema inawaka."

"Sikuombi useme kitu. Somo ni la kuoshana. Leta mguu."

Hilo hakuweza kulikataa, ndilo somo alilolisubiri zaidi ya mwaka. Aliweka mguu kwenye beseni. Nilimwaga maji, na kwa mara ya kwanza katika ushemasi wangu sikuwa na haraka. Niligeuza unyayo nikautazama. Nikapitisha kidole changu kidogo katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, kama nilivyoonyeshwa Bunda. Kati ya kile cha nne na cha mwisho kidole changu kilizama mahali palaini. Nilipokitoa kilikuwa na unyevu, na ile harufu ambayo nyumbani kwangu tuliita dagaa.

"Nimekugusa wapi, Bhoke?"

"Hujagusa bado, mama."

Nilivipanua vidole, nikawaita wenzake waje watazame, kisha nikamwambia ajikunje atazame mwenyewe. Alitazama. Akagusa pale kwa kidole chake, akabonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Sauti ile ya kufika ng'ambo ilitoka ndogo.

"Sisikii kitu. Mama, mbona sisikii kitu?"

"Hata mimi sikusikia, mwanangu."

Nikamkumbatia, na beseni likamwagika juu yetu sote wawili. Asubuhi yake tulikuwa kwenye benchi la Musoma, mimi na yeye, kadi yake imekunjamana kwa kulaliwa na godoro. Yule mzee wa Buhare alimtazama Bhoke akaniuliza kama nimeanza kuleta kwaya. Kidonda kilikuwa bado hakijafika mfupa. Hakupoteza kidole hata kimoja. Alisafishwa wiki saba, alirudi kwenye vidonge, na alinuna nami kwa wiki mbili kati ya hizo, jambo ambalo nililistahili.

Bado nilikuwa na deni la neno Butiama. Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini nilipomwambia nataka kupanda tena jukwaani kwenye kongamano, alisugua paji la uso.

"Mama shemasi, watu walijengwa sana na ule ushuhuda. Ukiuondoa, utawaangusha."

"Mchungaji, wapo wamejengwa bila vidonge. Hao wataanguka wenyewe."

Alinipa dakika tano. Nilizitumia sita. Nilionyesha mguu, kisha nikapita kwenye zile zile kokoto, safari hii nikiwa nimevaa kiatu. Hakukuwa na vigelegele. Wengine walitazamana, na mama mmoja mbele aliguna. Lakini nilipokwenda kunywa maji nyuma ya kanisa, walinifuata wanawake wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya na yeye ana kiu, na kila mmoja akavua kiatu. Siandiki haya kukuzuia usiombewe. Ombewa, tena sana. Halafu geuza unyayo utazame.

Siku hizi kanisani kwetu mtu hapiti kwenye beseni bila kupitishiwa kidole katikati ya vidole. Ibada inachelewa kwisha, wazee wanalalamika, mimi nawaacha walalamike. Nyumbani Baba Mafuru ananishika mguu kila asubuhi na kuutazama kwa kioo chake cha kunyolea, akinipa habari zake kama mtangazaji wa redio. Nyangeta ameanza kunitania tena, na hapo ndipo nilipojua amenisamehe.

Wanawake wote tisa walibatizwa ziwani, mbele ya mwalo wao, mbalamwezi ya kiangazi. Kesho yake tulikaa kutawadhana kabla ya Meza. Nilikuwa nimeshika mataulo kama kawaida yangu, nagawa, nazunguka, mpaka Bhoke akanisimamia mbele na beseni lake.

"Mama shemasi, kaa."

"Ngoja nimalize kugawa haya mataulo."

"Umegawaga miaka kumi na tisa. Kaa."

Nilikaa. Alinivua viatu, akapitisha mkono ndani ya kila kimoja kwanza. Akauweka mguu wa kulia kwenye maji. Siyasikii maji, niliyaona tu yakipanda. Alipitisha kidole chake kikubwa cha mwanika dagaa katikati ya vidole vyangu, bila haraka, foleni nzima ikisubiri nyuma yake, na alipofika kwenye pengo alilipapasa nalo mpaka mwisho. Nililia, na safari hii hakuna aliyeuliza nalilia nini. Akaufuta mguu, akauweka kwenye paja lake, akainua uso.

"Vitatu, na vyote vizima," alisema. "Haya, mama. Leta na huo mwingine."